Uso Mbele ya Moto

Msafiri anayetoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay huvua sweta njiani. Huko juu, kwenye milima ya Wamatengo yenye kahawa na mashamba ya ngoro, mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai watu huota moto jioni. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi tu. Barabara ya kilomita 66, ambayo siku hizi ni ya lami, inamtoa mtu kwenye ubaridi ule na kumtua kwenye joto kabla hajamaliza mazungumzo aliyoyaanza na jirani yake garini. Na hakuna wakati joto hilo ni kali kama mwishoni mwa Oktoba. Pwani hii ya ziwa iko karibu nyuzi 11 kusini ya Ikweta, na katika mwezi huo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa, nazo mvua hazijaanza.

Nilishuka barabara hiyo mwishoni mwa Oktoba 2024 kwenda kumzika mama yangu mdogo, katika kijiji kimoja si mbali na Mbamba Bay. Nayaandika haya kwa sababu katika msiba ule nilimhukumu mtu, na hukumu yangu imenirudia mara nyingi tangu siku hiyo.

Mtu mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Dada alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na marehemu mama mdogo ndiye aliyemchukua akamlea, akamsomesha kwa fedha za dagaa na mihogo hadi alipokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Kwa hiyo yule bibi kwake alikuwa mama. Tulipompigia simu usiku wa Alhamisi, alilia mpaka simu ikakatika. Kesho yake mchana alipanda basi, alfajiri ya Jumamosi akawa Songea, na saa nne asubuhi tukamwona anashuka garini mbele ya uwanja wa msiba.

Alikuwa amejifunga khanga vizuri, kichwa amekifunika, lakini midomo yake ilikuwa mikubwa kuliko tuliyoizoea, imetuna na kung'aa, na pembeni palikuwa na alama ndogo ya damu iliyovilia. Alilia, akatoa pole, akapokea pole. Kisha, badala ya kwenda nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake na masufuria, alikaa ndani, mbali na dirisha, akijipepea. Wanawake wa kwetu hawana haja ya kupaza sauti ili wasikike. Mmoja alisema, "Huyu kaja kuzika au kaja kuonyesha midomo?" Mwingine akajibu, "Mjini kuna moto wa gesi, huu wa kuni ameusahau."

Maneno hayo yalinifikia chini ya mwembe, nilipokuwa nimekaa na wanaume wenzangu. Niliona aibu. Leo naikiri aina ya aibu ile: haikuwa ya marehemu, ilikuwa yangu mimi mjomba. Nilimwita kando, nikamwambia kwamba aliyekulea amelala ndani na wewe unaogopa moshi. Nikamwambia kwamba huo uso unaoutunza yeye ndiye aliyeuosha kamasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mjomba, Alhamisi mchana nilichomwa sindano za kujaza midomo. Jumamosi hii rafiki yangu anaolewa, nami nilikuwa mpambe wake. Walioniweka dawa wameniambia siku mbili nisikae juani, nisisimame kwenye moto, nisifanye kazi nzito. Simu yenu ilikuja usiku. Ningejua, nisingechoma." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Lakini umesema kweli." Akajifunga khanga ya pili kiunoni, akaenda nyuma ya nyumba, akashika mwiko.

Alisonga ugali wa watu wasiopungua mia, juu ya mafiga matatu, jua likiwa utosini na kuni mbele yake. Hapana aliyemzuia, nami sikumzuia. Ilipofika saa nane midomo yake ilikuwa imevimba kiasi cha kushindwa kufunga vizuri, na uvimbe ulipanda hadi mashavuni. Wanawake wale wale waliomsema ndio waliokuja kuniita. Mmoja alikuwa anatetemeka. "Dawa imeyeyuka," alisema, "imeyeyuka, inamwagika usoni."

Kwa bahati nzuri palikuwa na muuguzi wa miaka mingi aliyekuja msibani kama jirani. Alimkalisha kivulini, akambonyeza midomo taratibu kwa kidole, akatazama kama pana sehemu imekuwa nyeupe au ya samawati, akamuuliza kama ana maumivu makali na kama macho yanaona vizuri. Kisha akaagiza kitambaa safi na maji ya mtungi. Akatuambia sisi tuliosimama pale kwa mshangao, "Haijayeyuka. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37 usiku na mchana. Kama dawa hii ingekuwa ya kuyeyuka kwa joto, ingeyeyuka siku ile ile ilipoingia. Hii ni mishipa ya damu. Joto linaitanua, maji yanajaa kwenye kidonda kibichi, basi uvimbe unaongezeka. Atapoa." Siku ya tatu alikuwa amepoa.

Baadaye nilisoma juu ya mambo haya, kama afanyavyo mwalimu mstaafu anayetaka kujua alikosea wapi. Nikaona kwamba hofu ya wale wanawake haikutoka hewani. Mwaka 1899 daktari wa Vienna aliyeitwa Robert Gersuny alianza kudunga parafini laini katika miili ya watu ili kujaza palipobonyea, na mtindo huo ukaenea Ulaya na Marekani. Parafini ni jamaa ya mshumaa. Ile laini iliweza kulainika kwa joto na kuhama, na hata isipohama ilizaa vivimbe vigumu vya kudumu. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa sana kwa uzuri na ambaye baadaye alikuwa mke wa Duke wa Marlborough, alidungwa parafini puani akiwa kijana ili pua yake inyooke. Parafini ikashuka hadi kidevuni, na uso uliosifiwa ukaharibika. Kwa hiyo uso kuyeyuka lilikuwa jambo lililowahi kuwapata watu.

Dawa inayotumika sana siku hizi ni nyingine. Ni asidi ya haialuroniki, kitu ambacho tayari kimo katika ngozi zetu, katika maungio na ndani ya jicho. Karl Meyer na John Palmer waliitambua mwaka 1934 mjini New York, katika jicho la ng'ombe. Kazi yake ni kushika maji, ndiyo maana ngozi ya mtoto imejaa na ya mzee imesinyaa. Iliyotengenezwa kuwa kama ute mzito iliruhusiwa Marekani kwa kujaza mikunjo ya uso mwaka 2003, na sasa inapatikana katika miji yetu mikubwa pia. Mwili huila polepole, na baada ya miezi sita, mwaka au zaidi kidogo huwa imekwisha. Jua la siku ya kawaida haliiyeyushi. Zile siku moja mbili za kujikinga na joto ni kwa ajili ya kidonda cha sindano. Dawa yenyewe inaogopa joto kabla haijaingia mwilini: hutakiwa kutunzwa pasipozidi nyuzi 25, kwa hiyo iliyosafirishwa ndani ya buti ya basi haiaminiki tena. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote haihusiani na hali ya hewa. Sindano ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kuuziba, ngozi ikafa, na mara chache hata jicho likapofuka. Ndiyo sababu muuguzi yule aliuliza juu ya weupe na macho kwanza. Kazi hii ni ya mtu aliyesomea udaktari, si ya rafiki wa saluni.

Basi elimu ilinipa jibu la swali la midomo. Haikunipa jibu la swali langu: je, nilikuwa na haki kumwambia vile?

Jibu la kwanza linalotujia sisi wazee ni kwamba mwili ni amana. Tumepewa, hatukujiumba, na kuubadilisha ni kumkosoa Muumba. Jibu hilo lina uzito, nami nililelewa nalo kanisani. Lakini tulipokuwa tukimwaga udongo kaburini nilikumbuka kwamba marehemu mwenyewe alikuwa na nembo usoni, mistari iliyochanjwa na kutiwa dawa nyeusi alipokuwa msichana. Alituambia iliuma siku nne, na kwamba alijificha ndani ili jua lisimwongezee uvimbe. Kabla ya kizazi chake kulikuwa na mambo makubwa zaidi. David Livingstone alipofika ziwa hili mwaka 1859 aliandika kwa mshangao juu ya ndonya ambayo wanawake wa kando ya Shire na ziwa walivaa katika mdomo wa juu, wakiiita pelele. Walitoboa mdomo na kuupanua kidogo kidogo kwa miaka. Aliona ni ubaya, wao wakaona ni uzuri. Kwa hiyo midomo mikubwa haikuletwa ziwani na mpwa wangu kutoka Dar es Salaam.

Mtu atasema, nembo ilikuwa ya kabila, ilimwambia mtu yeye ni nani na ni wa wapi, ilhali sindano ya mjini ni anasa ya mtu mmoja. Nami nilisema hivyo kwa muda. Lakini nimeshindwa kuona tofauti iliyo safi. Mpwa wangu naye alichomwa kwa ajili ya kundi lake: wasichana watano waliovaa sare moja nyuma ya bibi harusi. Kila kizazi kina kundi lake linalodai uso.

Jibu la pili ni la vijana: mwili ni wangu, nitaufanya nitakavyo. Nalo lina ukweli ndani yake, maana aliyelipa ni yeye na aliyeumia ni yeye. Ila uso una jambo la ajabu. Mkono wangu nauona, mguu wangu nauona, lakini uso wangu siuoni mpaka nipewe kioo. Wanaouona mchana kutwa ni wengine. Ni mali yangu, lakini wanaoutumia ni jirani, mke na wajukuu: kwao ndiko wanakosoma kama nimekasirika, kama naumwa, kama nasema kweli. Kule Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, kuna mwamba ufukweni ambao Wajerumani waliufananisha na Sphinx wa Misri, wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Mwamba haukujua kwamba una uso. Waliokuja na picha ya Misri kichwani ndio walioupa. Nasi binadamu tunapewa nyuso kwa namna hiyo, nusu yake na waliotuzaa na nusu na wanaotutazama.

Marehemu katika miaka yake ya mwisho alikuwa haoni kwa mtoto wa jicho. Mpwa wangu alipokuja likizo, bibi alimpapasa uso kwa viganja viwili, paji, pua, midomo, ndipo akasema jina lake. Jioni ya siku ile ya mazishi, tukiwa tumekaa juu ya mchanga kupunga upepo wa ziwa, msichana alinieleza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Mjomba, nilipochomwa niliwaza, Krismasi nikienda bibi atanipapasa, atasema huyu nani? Nikacheka. Nikasema atazoea." Hakuweza kuendelea.

Nilifikiri sana juu ya kilio hicho. Angalikuwa hai, je, asingemjua? Naamini angemjua. Angepapasa midomo, angeshtuka, angeuliza imeumwa na nini, na angemgombeza. Lakini angegombeza mjukuu wake, si mgeni. Uso hubadilika kila siku kwa njaa, kwa homa, kwa umri, na wanaotupenda hutufuata katika mabadiliko hayo bila kutupoteza. Sidhani sindano moja ina nguvu kuliko miaka thelathini. Nilimwambia hivyo, nikaona ametulia kidogo.

Sasa nieleze habari yangu, maana bila hiyo hadithi hii itakuwa ya uongo. Nina miaka sitini na nane na nywele zangu zimekuwa nyeupe tangu nikiwa na hamsini. Watu hawajui, kwa sababu napaka piko. Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kupanda gari Mbinga, nilipaka harakaharaka, nikasuuza vibaya kwa sababu maji ya milimani asubuhi ni barafu. Jumamosi saa tisa, tukiwa kaburini juani, katikati ya sala, nilihisi jasho linatiririka shingoni. Mtoto mmoja mdogo aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti ya mtoto, ambayo haijui msiba, "Babu anatoka wino."

Kola ya shati langu jeupe ilikuwa na mfereji mweusi. Waliokuwa karibu walitazama chini kwa heshima. Mpwa wangu, midomo imemvimba, alisogea, akachukua ncha ya khanga yake akanifuta shingo, mara mbili, kisha akarudi mahali pake. Hakusema neno wala hakutabasamu. Sijawahi kupokea adhabu nzito kuliko ile.

Kwa nini mimi sikuhukumiwa? Hakuna aliyenong'ona kwamba mjomba kaja kuzika au kaja kuonyesha nywele. Naona sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba udanganyifu wangu ni wa zamani na wa kawaida, na watu hawaoni walichokizoea. Miongoni mwa wanawake waliomsema palikuwa na wawili ambao mashavu yao ni mekundu na vifundo vya vidole ni vyeusi, kazi ya mkorogo. Krimu zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini, hata hivyo zinaingia. Na hizo ndizo zinazoonewa na jua hasa: ngozi iliyonyang'anywa rangi yake huungua upesi, na haidrokwinoni ya miaka mingi inaweza kugeuka kuwa mabaka meusi yasiyotoka, ambayo jua huyazidisha. Mpwa wangu alikuwa na uvimbe wa siku tatu, wao wana jambo la maisha. Lakini mkorogo umezoeleka, sindano haijazoeleka.

Sababu ya pili inaniuma zaidi. Mimi sikuhukumiwa kwa sababu hakuna aliyenitaka jikoni. Nilikaa chini ya mwembe tangu asubuhi, na kukaa kwangu kulihesabiwa kuwa ni kuomboleza. Yeye alikaa ndani saa moja, kukaa kwake kukahesabiwa kuwa ni kiburi. Mapenzi yake kwa marehemu yalipimwa kwa moto, yangu yalipimwa kwa kiti. Kama kipimo kingekuwa kimoja, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kushindwa, maana sikuchota hata ndoo ya maji.

Simaanishi kwamba mapambo hayana lawama. Nadhani kipimo kizuri ni kuuliza: hiki nilichoongeza mwilini kinanizuia kufanya nini? Pambo linalomwachia mtu mikono yake na siku zake ni mtumishi. Linalomwambia usitoke leo, usisimame pale, usiwe na waliofiwa, kwa muda huo limekuwa bwana, hata kama ni kwa siku mbili. Mpwa wangu alikutana na bwana huyo siku mbaya kuliko zote, akamwasi. Mimi piko langu lilinifanya nisisafiri bila kupaka kwanza, ijapokuwa nimefiwa, na sikuwahi kuliita bwana.

Lakini kipimo hicho ajipime nacho mtu mwenyewe. Mimi nilikichukua nikampimia mwenzangu, tena bila kumwuliza kwanza ana nini. Ningeuliza, ningeambiwa kuhusu sindano, na ningeweza kumwambia: kaa kivulini mwanangu, menya vitunguu, masufuria nitayashika mimi. Maneno hayo yasingenigharimu kitu, ila labda kicheko cha wanaume wenzangu.

Alirudi Dar es Salaam baada ya matanga. Kituoni Mbinga, asubuhi ya baridi, alinitazama kichwani akaniuliza, "Mjomba, hutapaka tena?" Mizizi ilikuwa imeanza kuonyesha weupe. Nilimwambia sijui, na hiyo ndiyo kweli. Kisha nikamuuliza yeye, dawa ikiisha atachoma tena? Akasema hajui. Tukaagana hivyo, naye akajifunga sweta, basi likaondoka.